Haripoti, anaomba: kisa cha mtoto mwenye usonji na jino lililodhaniwa sikio

Kijana ana miaka tisa na anaishi Mbagala na mama yake na bibi mzaa mama. Ana usonji. Maneno anayo, ila mengi ni ya kuokota: matangazo ya redio, vibwagizo, na zaidi ya yote kelele za makonda wa daladala. Akitaka jambo likome, iwe kuogeshwa au kunyolewa, husema "shusha!" kama abiria aliyefika kituo chake. Shuleni, kwenye kitengo cha watoto wenye usonji, amefundishwa kuomba kwa picha. Anabandua picha ya maji, anampelekea mwalimu, anapewa maji. Hilo analimudu vizuri sana. Ukimuuliza anajisikiaje, hajibu, au anarudia neno la mwisho la swali lako. Kuomba anaweza, kuripoti hali yake hawezi, na karibu kila kilichokwenda kombo katika kisa hiki, na kilichokuja kwenda sawa, kinaanzia hapo.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na mtoto huyu nilikuwa nikimwona kwa mambo mengine kabisa, kushika kalamu na kufunga vifungo, kabla habari ya maumivu haijaingia.

Uso wa kwanza

Ilikuwa kwenye lile joto la kabla ya masika. Kijana alianza kujipiga sikio la kushoto kwa kiganja, usiku halali, na ugali ambao huwa anaumaliza akawa anausukuma pembeni na kunywa uji uliopoa tu. Shuleni akamng'ata mwenzake, jambo ambalo mwalimu hakuwahi kuliona kwake. Mama akampeleka kituo cha afya. Mazungumzo nayaandika kama alivyonisimulia:

"Mama, anaumwa wapi?"

"Sikio, nahisi. Anajipiga hapa, sista. Na halali."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Haongei."

Nesi akatoa kadi ya nyuso sita na kumwekea mbele. "Haya baba, nioneshe. Wewe leo uko kama nani hapa?"

Kijana akaichukua kadi, akaigeuzageuza, akagusa uso wa kwanza, unaotabasamu. Kwenye faili ikaandikwa sifuri. Daktari akachungulia sikio, akaliona safi, na jibu likawa kwamba hiyo ni tabia ya usonji, arudi kliniki yake ya kawaida. Wakati wanatoka mtu akamwambia mama kwa upole kabisa, "Hawa watoto ndivyo walivyo, mzoee."

Baadaye shavu likavimba na homa ikapanda. Hospitali nyingine, chumba cha meno, ndipo ikaonekana: gego la chini kushoto limeoza hadi kwenye mzizi na lina usaha. Liling'olewa akiwa ameshikwa na watu wazima, mmoja kila kiungo. Alikuwa akipiga kelele "shusha, shusha" na wakawa wanasema ganzi imeshaingia, anaogopa tu. Hapo nina shaka kubwa. Tishu yenye usaha huwa na asidi nyingi, na katika hali hiyo dawa ya ganzi hupenya vibaya kwenye neva. Madaktari wa meno wanalijua hilo. Inawezekana kabisa kwamba "shusha" ile ilikuwa taarifa sahihi kuliko zote zilizotolewa chumbani siku ile. Tangu hapo kijana hakukubali tena kupita geti la hospitali. Na daktari wa meno alikuwa ameshasema gego jingine, la kulia, nalo litahitaji kung'olewa baadaye.

Mama alipokuja kwangu hakuja kulalamika. Alitaka kitu cha kushika mkononi. "Nitengenezeeni kitu nikifika pale nisianze kubishana na kila mtu."

Kadi inauliza mambo mangapi?

Nyuso sita zilizomo kwenye vituo vyetu vingi zina asili ya Marekani. Donna Wong na Connie Baker walizichora miaka ya 1980, na zinatumika kwa watoto kuanzia miaka mitatu. Ni kifaa kizuri kwa mtoto anayefanya kinachotakiwa. Kinachotakiwa ndicho kigumu. Mtoto anapaswa kusoma hisia kwenye uso uliochorwa, kisha aingie ndani ya mwili wake na kupima anachosikia, kisha apange nyuso kutoka kidogo hadi kingi, kisha alinganishe hivyo viwili. Watoto wengi wenye usonji hupata shida kwenye hatua ya kwanza na ya pili, kila moja kwa sababu zake. Kuna pia tatizo la kadi yenyewe: imechanganya maumivu na furaha. Uso wa sifuri unacheka, wa kumi unalia machozi. Mtoto anayependa uso unaocheka atauchagua huo, na huwezi kumlaumu. Kipimo kingine cha nyuso kilichotoka 2001 hakina tabasamu wala machozi kwa sababu hiyohiyo, uso wake wa kwanza ni mkavu tu. Kwa kijana wetu hata huo usingetosha.

Nilimwomba mama anioneshe kijana alivyoishika kadi ile. Aliinua mkono juu, akauinamisha taratibu kushoto na kulia. Nikaelewa. Kadi ilikuwa na laminesheni inayong'aa, na kijana alikuwa anautembeza mwanga wa taa ya dari juu yake. Aliusogeza mwanga hadi ukingoni, na ukingoni ndipo ulipo uso wa kwanza. Sidhani kama alikuwa anajibu swali.

Sasa tuje kwenye sikio. Hapa wengi husema daktari alizembea, mimi sisemi hivyo. Neva moja, tawi la chini la neva ya tano ya fuvu, ndiyo inayopokea hisia za magego ya chini na za eneo la mbele ya sikio. Gego la chini likioza, hata mtu mzima mwenye ulimi mwepesi huenda hospitali akalalamikia sikio. Kwa hiyo hata kama kijana angekuwa na picha ya mwili na kidole cha kuonesha, angeonesha sikio, na daktari angelikuta safi vilevile. Watengenezaji wa vifaa vya namna hii hupenda sana mchoro wa mwili, na mwalimu wake naye aliutaka. Niliupinga. Taarifa iliyokuwa na thamani haikuwa mahali. Ilikuwa ni mabadiliko: ugali umeachwa, uji uliopoa unanyweka, usingizi umekata.

Na hiyo kauli ya "ndivyo walivyo" ina historia ndefu. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba watoto wenye usonji hawasikii sana maumivu. Hata mwongozo wa utambuzi wa Marekani wa 2013 unataja miongoni mwa mifano ya dalili hali ya kuonekana kutojali maumivu au joto. Kuonekana, lakini. Watafiti wa Kanada waliochapisha kazi yao 2004 walirekodi nyuso za watoto wenye usonji wakitolewa damu, na nyuso zilionesha maumivu waziwazi. Kilichotofautiana ni makadirio ya wazazi, ambayo hayakuendana na nyuso hizo. Na chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kiliporekebisha fasili yake 2020, kiliweka wazi kwamba kusema ni njia mojawapo tu ya kueleza maumivu, na asiyeweza kueleza bado anaweza kuwa nayo.

Vipimo vya kutazama

Kama mtoto hawezi kujipima, mtu mwingine atazame. Vipimo vya namna hiyo vipo. Kimoja kinachotumika sana hospitalini hutazama mambo matano, yaani uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na kutulizika, kila kimoja alama sifuri hadi mbili. Tukikitumia vilevile kwa kijana wetu kinatuletea kituko. Akifurahi, huruka, hupiga mateke hewani, hupiga kelele za makonda wanaoita kituo cha Mbagala: "Rangi Tatu, Rangi Tatu!" Akiumwa, hunyamaza na kuganda. Kipimo kingempa alama kubwa siku ya furaha na alama ndogo siku ya jipu. Toleo lake lililorekebishwa, la 2006, linaruhusu mzazi kuongeza tabia za mtoto wake mwenyewe ndani ya kila kipengele, na kwangu hilo ndilo jambo la maana kuliko namba zote.

Kingine ni orodha ya Kanada ya vipengele 30 kwa watoto wasioongea, ambayo humtaka mtazamaji akae na mtoto saa mbili. Saa mbili, kwenye foleni ya Temeke! Ipo ya baada ya upasuaji ya dakika kumi, yenye vipengele 27, lakini vitatu vilivyotolewa ni vya kula na kulala, yaani vilevile vilivyokuwa vinapiga kengele kwenye nyumba hii. Inaeleweka, maana mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji hali wala halali kawaida. Ila ilituonesha kwamba saa zile mbili nesi hana, anazo bibi.

Bibi na mtungi

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa kazini, nikakaa na bibi uani. Nilimwamkia, tukaongea ya mvua na ya bei ya mkaa, kisha nikamuuliza kijana alikuwaje zile wiki za jino. Akasema hakuona kitu cha ajabu, isipokuwa mtoto alikuwa anamchezea mtungi. Mchezo gani? Usiku anaamka, anapiga magoti kwenye kona ulipo mtungi wa maji, anabandika shavu la kushoto kwenye udongo wa ubavuni na kukaa hivyo, kimya, hata nusu saa. Bibi alidhani ni joto. Joto lilikuwepo, kila mtu Dar alikuwa anatafuta pa kujipoza. "Lakini shavu moja tu, bibi?" Akafikiri. "Moja tu. Hilo hilo."

Jambo la pili alilisema akiwa ameshainuka kwenda jikoni: mtoto alikuwa anamletea khanga amfunge kichwa, amkaze. Kwa hiyo wiki zile zote kijana alikuwa anaomba, tena kwa mtu sahihi, kwa njia aliyofundishwa ya kupeleka kitu mkononi. Alikuwa anaomba baridi na mgandamizo. Tulichotakiwa kufanya ni kuyapa maombi hayo mwili wa kadi, ili yasafiri kutoka Mbagala hadi kwenye kiti cha meno.

Karatasi yenye pande mbili

Tulikuwa watu wachache: mimi, mwalimu, mama, bibi, na kijana mmoja mbunifu anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha Kariakoo. Kadi ikatoka ukubwa wa nusu ya A4, iingie ndani ya daftari la kliniki.

Upande wa mtoto una picha nne zinazobanduka: mtungi wa bibi, khanga ya bibi, mlango wa nje, na kiganja kilichosimamishwa, ambacho bibi na mtoto wote wanakiita "shusha". Ni picha za kamera, za vitu vyenyewe. Mbunifu alileta michoro mizuri sana ya barafu na bandeji, kijana akaipita kama haipo. Alipoona khanga yenyewe, ile ya zambarau yenye doa la mafuta pembeni, aliibandua kabla hatujamaliza kupanga. Hakuna uso hata mmoja. Hakuna namba. Laminesheni ilikuwa lazima, maana karatasi haimalizi wiki kwenye mikono yenye jasho, lakini mng'ao ungetuharibia kazi. Mbunifu akachukua msasa laini akaisugua plastiki hadi ikafa mng'ao. Picha zilififia kidogo. Tulikubali.

Upande wa pili ni wa nesi, na ndio uliotugombanisha. Una safu mbili: siku ya kawaida na siku ya maumivu. Kuruka na kupiga kelele za makonda, kawaida. Kunyamaza na kuganda, maumivu. Mama alitaka kusaga meno kuwekwe kwenye maumivu. Bibi akasema mtoto huyu amesaga meno usingizini tangu akiwa mdogo, na kwa kuwa ndiye anayelala naye chumba kimoja, kulibaki kwenye kawaida. Chini yake kuna mistari miwili ya herufi kubwa: anapogusa si lazima ndipo panapouma, angalia meno, masikio, koo na tumbo, na muulize mama kuhusu choo. (Kufunga choo ni chanzo cha kawaida sana cha maumivu kwa watoto hawa, hasa wanaokula vyakula viwili vitatu tu, na ni cha kwanza kusahaulika.)

Sheria ya matumizi nyumbani ilikuwa moja, na nilimsisitizia kila mtu: akileta picha, apewe kitu hapohapo, bila maswali. Siku mtu atakaposema "ngoja kwanza nione kama unaumwa kweli," kadi imekufa. Mwalimu alikuwa na wasiwasi wa haki, kwamba ataleta mtungi kila jua likiwaka na hatutajua joto ni lipi na maumivu ni yapi. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini hatukuwahi kusema picha ya mtungi ina maana ya maumivu. Mtungi mchana na sahani imeisha ni joto. Mtungi usiku, na ugali umebaki, na makonda wamenyamaza: mpeleke hospitali, na usikubali kurudishwa kabla kinywa hakijafunguliwa na kutazamwa.

Gego la kulia

Siku ya jino la pili mama alimkabidhi nesi wa chumba cha meno kadi ikiwa upande wa maandishi. Nesi aliusoma wote akiwa amesimama. Mama alibeba khanga ile ile na chupa ya maji yaliyoganda nusu, kwa sababu mtungi haubebeki. Kijana alileta picha ya khanga kabla hajaketi, akafungwa kichwa na mama, akaketi. Safari hii jino halikuwa na usaha, na hilo pekee lilirahisisha mengi. Sitaki kadi ipewe sifa ambayo si yake.

Alinyoosha "shusha" mara ya kwanza taa ilipowashwa. Daktari akasimama, akaigeuza taa, akaendelea. Mara ya pili ilikuwa baada ya ganzi, koleo lilipogusa jino. Daktari akasimama tena, akajaribu fizi ya upande wa ndani kwa ncha ya kifaa, kijana akaruka. Akaongeza ganzi, wakasubiri. Jino likatoka bila mtu kumshika mikono. Usiku ule alipeleka picha ya mtungi kwa bibi, akapewa dawa ya maumivu na chupa ya baridi, akalala.

Yanayobaki

"Shusha" ni ahadi, na hospitalini ahadi nyingine hazitekelezeki. Sindano ya dharura haisimamishwi katikati. Tulikubaliana kwamba kwa jambo lisiloweza kukoma, picha ya kiganja itolewe kwenye kadi mbele ya macho yake kabla ya kuanza, na aoneshwe tu kitakachofuata: kwanza sindano, kisha nje. Mama haipendi sheria hii. Anasema unamnyang'anya mtoto mdomo wakati anauhitaji. Mimi naona kumwachia kitufe kisichofanya kazi ni kubaya zaidi, kwa sababu keshokutwa hatakibonyeza hata pale ambapo kingefanya kazi. Hatujakubaliana.

Jambo jingine lilitokea kwenye kituo kingine kabisa, alipopelekwa na homa. Mpokeaji aliziona picha za khanga na mlango, akadhani ni mchezo wa mtoto, akamrudishia mama bila kugeuza. Mbunifu akaipanga upya: upande wa nesi sasa una kichwa cha herufi nyeusi TAARIFA YA MAUMIVU YA MGONJWA, mistari ya jina na tarehe kama fomu ya rufaa, na sehemu ya muhuri. Daktari wake wa kliniki aligonga muhuri. Tangu hapo inasomwa, maana karatasi yenye muhuri hairudishwi bila kugeuzwa.

Daktari wa meno aliomba nakala tupu kwa ajili ya watoto wengine. Hatukumpa, kwa sababu khanga ya bibi huyu haina kazi kwa mtoto wa Tegeta. Tulimwandikia maswali ya kuwauliza wazazi wakiwa bado kwenye benchi: akifurahi mwili wake unafanyaje, akiumia huenda kwa nani na hubeba nini, kitu gani alikuwa anakifanya kila siku na wiki hii amekiacha. Ameyabandika ukutani, juu ya kadi ya nyuso.